Wajumbe Wasio na Mshahara

Wazee wa zamani wakitaka kumsifu mtu mwenye akili timamu walisema ana halmashauri ya kichwa. Siku hizi ukitaja halmashauri, watu wanafikiria jengo lenye bendera, foleni ya vibali na gari lenye namba za serikali. Lakini ndani ya neno hilo kuna shauri, na shauri ni watu kukaa, kusikilizana, kisha kuafikiana. Lugha yetu ilikuwa inatuambia mapema kwamba halmashauri ya watu inapaswa kufanya kazi kama kichwa kinavyofanya: kupima kwanza, kuamua baadaye.

Neno la pili la kulitazama ni mjumbe. Leo Tanzania kila kijiji kina wajumbe: wa halmashauri ya kijiji, wa kamati ya shule, wa kamati ya maji, wa baraza la ardhi. Karibu wote hawana mshahara. Wanaacha shamba, wanaacha biashara ya mchana, wanakaa chini ya mwembe au kwenye darasa tupu mpaka jua linazama, wanazozana kuhusu bomba lililopasuka na mbuzi walioingia kwenye mahindi ya mtu. Tuna zaidi ya vijiji 12,000, na sheria inataka halmashauri ya kijiji iwe na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Hata tukichukua kile kiwango cha chini, hao ni watu 180,000, na hapo hatujagusa kamati za shule na za maji. Hakuna jeshi la kujitolea kubwa kama hili nchini, na hakuna lililoandikwa kidogo kama hili.

Swali langu kwa historia yao ni moja tu. Mjumbe hubeba neno. Je, analibeba kutoka kwa watu kwenda juu, au kutoka juu kuja kwa watu?

Wajerumani walipotawala, swali hilo lilikuwa na jibu fupi. Jumbe alikuwa mkuu wa kijiji, juu yake akida, juu ya akida mkuu wa wilaya. Neno lilishuka tu: kodi, kazi za barabara, pamba. Waingereza walikuja na utawala kupitia machifu, ukatiwa muhuri kwa sheria ya mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron. Mabaraza yakawepo, wazee wakakaa, lakini chifu aliwajibika kwa bwana shauri. Angalia jina hilo: mtawala wa wilaya akaitwa mwenye shauri, yaani hata kushauriana kulikuwa mali yake.

Shaaban Robert aliandika *Kusadikika* katika dunia hiyo, kitabu kikatoka mwaka 1951. Wengi tulikisoma shuleni kama hadithi ya Karama akijitetea mbele ya mfalme. Hebu kisome tena ukiwafuata wale wajumbe sita. Wanatumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, wanateseka njiani, wanarudi na mambo ya kufaa nchi yao, na zawadi yao ni gereza. Methali inasema mjumbe hauawi. Kusadikika wanamfunga. Shaaban Robert alikuwa ametumikia serikali miaka mingi, na alijua fika jinsi baraza linavyoweza kuwa na viti, kanuni na taratibu zote, likakosa masikio.

Uhuru ulipokuja, machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, na nafasi yao vijijini ikajazwa na kamati za maendeleo za vijiji. Wazo lilikuwa zuri: watu wachague wenzao, wapange shule, zahanati na barabara, wazijenge kwa kujitolea. Na kweli walijenga. Tatizo lilijitokeza haraka. Kamati iliweza kupanga madarasa matatu kwa nguvu zake, lakini mwalimu, dawa na saruji vilitoka wilayani, na wilaya haikuwa navyo. Watu walitoa jasho, jengo likabaki bila paa. Mwaka 1969 zikaja kamati za maendeleo za kata, na mipango ikasogea hatua moja mbali na kijiji. Sambamba na hapo, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, TANU ilikuwa imeweka mfumo wa nyumba kumi. Balozi wa nyumba kumi naye hakulipwa. Alisuluhisha ugomvi wa ndoa, alimjua mgeni aliyelala jana, alitangaza mkutano. Alikuwa sikio la watu kwa chama na, tuseme ukweli, sikio la chama kwa watu.

Sasa tufike Songea, maana historia hii ina moyo wake, na moyo huo uko Litowa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kiliingia porini kulima pamoja. Hakuna aliyewatuma. Walishindwa, wakarudi, wakajaribu tena. Vijiji vingine vikaiga, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kufikia mwaka 1969 vilikuwa kama 17. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi nao kama mshauri, na baadaye aliandika kitabu kuhusu yale aliyoyaona. Chama kilikuwa na mashine yake ya kusaga mjini Songea. Litowa ilikuwa na shule ambako watoto walisoma na kulima, na walimu waliishi kama wanakijiji wengine.

Kinachonivutia zaidi ni namna walivyoamua mambo. Mkutano wa kijiji ndio uliokuwa na kauli. Kazi zilipangwa na wanakijiji wenyewe, mavuno yakagawanywa kwa makubaliano yao, na wawakilishi wa vijiji walikutana kujadili mambo ya pamoja. Kijiji kilichotaka kujiunga hakikupewa amri wala trekta, kilipewa watu wa kwenda kuishi nacho na kuonyesha. Mambo yalikwenda polepole mno. Kwa kiongozi wa mkoa aliyetakiwa kupeleka idadi ya vijiji vya ujamaa Dar es Salaam kila baada ya miezi kadhaa, upole huo ulikuwa ugonjwa.

Nyerere aliwapenda. Alitembelea, alisifu, na fikra zake kuhusu ujamaa vijijini za mwaka 1967 zina harufu ya Litowa. Mwaka 1968 aliandika kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, wanajiendeleza. Lakini Septemba 24, 1969 Kamati Kuu ya TANU, yeye akiwa mwenyekiti, iliivunja Ruvuma. Mali za chama zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa. Kuanzia hapo vijiji vya ujamaa vingeendeshwa na chama.

Kosa lao lilikuwa lipi? Hawakuiba, hawakupinga siasa ya nchi. Walikuwa wakiiishi kuliko waliowavunja. Kosa lao lilikuwa kwamba mkutano wao uliweza kusema hapana. Wanakijiji walizoea kuulizwa, na mtu aliyezoea kuulizwa ni mgumu kuamriwa. Ndiyo maana nasema ukisoma *Kusadikika* leo, wale wajumbe sita wana lafudhi ya Kingoni.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, ukaja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yameshuka, lakini yaliishia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Mwishoni mwa 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine nyumba zao zikibomolewa. Kezilahabi alikiweka kipindi hicho katika *Gamba la Nyoka*, riwaya iliyotoka mwaka 1979. Sheria inakueleza kijiji kiliundwaje, riwaya ile inakuonyesha watu walikipokeaje, na mambo haya mawili hayafanani hata kidogo.

Kisha, mwaka 1975, ikapitishwa sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa. Kwenye karatasi ni nzuri. Kijiji kikapewa halmashauri ya watu 25 na kamati tano: fedha na mipango, uzalishaji na masoko, elimu, utamaduni na ustawi wa jamii, ujenzi na usafirishaji, ulinzi na usalama. Ukiutazama mchoro wake unaweza kudhani Litowa imefufuka na kusambazwa nchi nzima. Tofauti iko kwenye kiti cha mbele: mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na katibu wa tawi ndiye katibu wa kijiji. Kamati zikawa nyingi, wajumbe wakawa wengi, na neno likaendelea kushuka. Mkulima aliyekaa kwenye kamati ya uzalishaji aligundua kwamba ekari za kulima zimeshapangwa, yeye kazi yake ni kuhakikisha jirani analima.

Hapa ndipo kujitolea kulipoharibika jina. Mtu anapojitolea kwa jambo aliloamua, anachoka lakini anajivuna. Anapojitolea kwa jambo aliloamuliwa, hiyo ni kazi ya bure tu, na anaijua. Wazee wengi vijijini mpaka leo wakisikia kuna kamati mpya wanauliza kwanza nani ameituma. Hilo swali si uvivu. Wamejifunza kwa gharama.

Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Sheria Namba 7 ya mwaka huo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndiyo inayoongoza vijiji hadi sasa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ina kamati za kudumu tatu: fedha, uchumi na mipango, huduma za jamii na kujitegemea, ulinzi na usalama. Afisa mtendaji ni mwajiriwa, anayeandika mihtasari na kupokea mshahara. Wajumbe wanaoamua hawapokei. Ni mpangilio wa ajabu ukiufikiria. Anayelipwa ni karani, wasiolipwa ni mabosi wake, na kila mtu kijijini anajua ni nani hasa mwenye nguvu pale barua inapotoka wilayani.

Lakini usikate tamaa mapema, kwa sababu kuna Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa takriban hekta 9,000, kuwa hifadhi yake. Vijiji vinane vinavyouzunguka vilikataa. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa: kitu unachojua kesho kitachukuliwa, leo una sababu gani ya kukitunza? Baada ya mabishano, serikali ilikubali kuwaachia waulinde wenyewe. Kila kijiji kikaunda kamati ya msitu, kikagawa eneo lake, kikaweka sheria ndogo kuhusu nani anaruhusiwa kuchukua nini. Walinzi walikuwa vijana wa palepale, si watumishi wa serikali. Msitu ukapona. Wataalamu wakaja kujifunza, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikayatambua misitu ya hifadhi ya vijiji nchi nzima.

Linganisha na Litowa. Watu ni walewale wakulima, kujitolea ni kulekule, hata mikutano inafanana. Safari hii waliposema hapana, serikali ilisikiliza. Hiyo ndiyo tofauti nzima.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilipanda mbegu ya namna hiyo. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Baraza la ardhi la kijiji liliwekwa kuwa la watu saba, wanawake wasiopungua watatu. Penina Muhando alikwisha kutuonya katika *Nguzo Mama*, tamthilia iliyotoka mwaka uleule wa 1982, kwamba nguzo haisimami kwa kutangazwa. Wanawake wa Patata wanahangaika nayo na kila mmoja anavutwa upande wake. Viti vitatu si haki bado. Lakini mjane anayedai shamba la marehemu mumewe akiingia barazani na kuwakuta wanawake watatu wamekaa, anaanza kuzungumza kwa sauti nyingine.

Leo hatari imebadilika sura. Hakuna anayevunja kamati kwa amri ya Kamati Kuu. Kila mradi unakuja na kamati yake, na kila kamati inakuja na semina, na wajumbe ni walewale kumi waliozoeleka. Huduma zinazohitaji utaalamu zinaondolewa mikononi mwa watu wa kujitolea. Kwenye maji, kwa mfano, sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA na vyombo vya watumia maji vinavyotakiwa kuwa na watendaji wa kulipwa. Sina ugomvi na hilo. Pampu haitengenezwi kwa moyo safi peke yake. Fundi alipwe. Ila uamuzi wa bei ya ndoo, na haki ya kuuliza fedha za ndoo zimekwenda wapi, vibaki kwa watu wanaobeba ndoo.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kamati ya kijiji chako ni hai, usihesabu wajumbe wala usisome bango la mradi. Omba daftari la mihtasari. Tafuta ukurasa ambapo mapato na matumizi yalisomwa mbele ya mkutano na mtu akanyanyua mkono kukataa. Kisha funua ukurasa unaofuata, uone yule mtu alijibiwa nini.