Darubini ya dola saba

Kwenye PUBG unaokota bunduki, unaokota darubini, unagusa kioo cha simu, imekaa. Sekunde moja. Bunduki iwe ya juzi au ya zama za babu, haijalishi. Nadhani ndiyo maana ukiongea na wasee kuhusu mauaji ya John F. Kennedy, kila mtu ana maoni yake kuhusu Lee Harvey Oswald, CIA, mafia na Wakuba, lakini hakuna anayeuliza swali la fundi: ile darubini ilifungwaje, na ni nani aliamua ifungwe hivyo?

Mimi naona stori iko hapo. Iko kwenye kile kipande cha chuma kinachoshika darubini. Tukiite kishikio, twende.

Bunduki nyingi za kijeshi za mwanzo wa karne iliyopita hazikutengenezwa ziwekwe darubini. Chukua Lee-Enfield, ile mababu wetu wa KAR walibeba. Inabeba risasi 10, na askari anaijaza kutoka juu: anafungua bolti, anasimamisha klipu ya risasi 5, anasukuma chini kwa kidole gumba, anarudia na nyingine. Haraka sana. Sasa weka darubini juu hapo. Umeziba mlango.

Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakaamua darubini ikae ubavuni, upande wa kushoto, ndiyo klipu iendelee kupita. Kwa karatasi ni akili. Kwa handaki ni balaa, maana mdunguaji alikuwa anapiga kupitia tundu dogo kwenye bamba la chuma. Mtutu uko kwenye tundu, darubini iko pembeni, na kitu inakuonyesha ni... bamba. Meja Hesketh-Prichard, aliyekuwa akifundisha wadunguaji huko Ufaransa, alililalamikia jambo hilo kwenye kitabu chake cha 1920. Uamuzi wa ofisini, shingo za watu wengine.

Vita vya Pili vilipofika walikuwa wamejifunza. Lee-Enfield No. 4 (T), zilizotengenezwa na mafundi wa Holland & Holland kule London, zilikuwa na kishikio kinachofungwa ubavuni lakini kinaileta darubini juu ya mtutu. Unazungusha skrubu 2 kwa vidole, yote inatoka. Namba ya darubini iligongwa kwenye mbao ya bunduki ili zisitenganishwe, kama cheti cha ndoa. Wajerumani nao walijaribu kuisogeza darubini mbele kabisa, mbali na jicho, na ikakuza mara 1.5 pekee. Klipu ilipita vizuri, lakini wadunguaji wenyewe hawakuipenda.

Kwa hivyo kila kishikio ni biashara. Unapata hiki, unapoteza kile. Jeshi likichagua, angalau kuna mtu anajaribu na kurekebisha. Vita vikiisha bunduki zinauzwa kwa bei ya kutupa, na hapo anayechagua ni duka.

Carcano 91/38 ni bunduki ya Italia. Hii tunayoongelea, namba C2766, ilitengenezwa Terni mwaka 1940. Klipu yake ya risasi 6 inaingia nzima nzima kutoka juu, na risasi zikiisha inadondoka kwa chini. Unaona shida tayari: darubini haiwezi kukaa juu. Miaka 20 na kitu baadaye iko Marekani, kwenye duka la Klein's la Chicago, linalouza kwa posta. Tangazo lao la 1963 lilikuwa hivi: bunduki peke yake dola 12.78, bunduki na darubini dola 19.95. Piga hesabu. Darubini, kishikio na kazi ya fundi, vyote pamoja, dola 7.17.

Darubini ilikuwa ya Kijapani, ya kukuza mara 4. Bunduki ikatobolewa ubavu wa kushoto, kishikio kikashikwa na skrubu 2, kazi imeisha. Hakuna aliyeoanisha namba. Machi 1963 Oswald aliagiza moja kwa jina la uongo, A. Hidell, akaongeza dola 1.50 ya kutumiwa. Bunduki ikaja kwa posta kama viatu.

Tarehe 22 Novemba 1963, Kennedy akapigwa risasi Dallas. Kenya ilikuwa imebakiza siku 20 kupata uhuru. Na usifikirie hayo yalikuwa mambo ya Wamarekani peke yao: mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulikuwa umetoa dola 100,000 kusaidia safari za ndege za Tom Mboya, zile zilizopeleka vijana wa huku vyuo vya Marekani.

Sasa, ile darubini. Robert Frazier wa FBI aliipiga hiyo bunduki mwenyewe, na risasi zikapanda juu na kwenda kulia ya alipolenga. Jeshi lilipoijaribu lilibidi liweke vibati vyembamba chini ya kishikio kwanza. Watu wakisikia hapo wanaruka: unaona, hangeweza kumpiga!

Pole pole bana. Frazier huyo huyo aliiambia Tume ya Warren kwamba ilipomfikia kishikio kilikuwa kimelegea, na inaonekana darubini ilikuwa imevuliwa kutafuta alama za vidole. Maana yake, hali ya darubini saa sita na nusu mchana ule Dallas ilipotea palepale mtu alipogusa hizo skrubu. Anayekuapia ilikuwa imepinda anabahatisha. Anayekuapia ilikuwa sawa anabahatisha pia.

Halafu kuna hii, na ndiyo hunifanya nicheke kidogo. Darubini ikiwa ubavuni, juu ya mtutu hakuna kitu. Vilengeo vya kawaida vya chuma, vile bunduki ilitoka navyo Italia, vilikuwa wazi kabisa. Umbali wa risasi ya mwisho ulikuwa kama mita 80. Mtu aliyefunzwa bunduki na wanamaji wa Marekani, kama Oswald, hahitaji darubini ya dola saba kwa umbali huo. Sisemi ndivyo alivyofanya. Jack Ruby alimuua siku mbili baadaye, kesi haikusikizwa, na hatujui alitazama kupitia wapi. Nasema hoja ya "darubini mbovu" haimtoi Oswald kwenye lile dirisha la ghorofa ya sita, na pia haimweki hapo.

Mwaka 1968 sheria mpya ilikataza kuwauzia raia bunduki kwa posta kutoka jimbo moja hadi lingine. Ile C2766 iko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, College Park, Maryland, na darubini yake bado iko ubavuni, kushoto.