Jicho la Shahidi Mbele ya Mahakama Tatu

Al Khuwair, mjini Muscat, ndiko zilikopangana wizara za Oman, na ndiko pia Kiswahili cha Unguja kinakosikika madukani, kwa watu ambao jamaa zao walirejea baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka 1970. Mtu wa asili hiyo ana urithi wa mahakama tatu: ya kadhi, ya Zanzibar iliyolelewa na Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, na ya Oman ya leo. Zote hukutana na swali moja. Mhanga akisema "ndiye huyu aliyetuvamia", neno hilo litoshe lini kumtia mtu hatiani?

Fikihi huweka ulinzi mlangoni. Hiraba, yaani unyang'anyi wa nguvu, huthibiti kwa kukiri au kwa mashahidi wawili waadilifu, na kadhi huuliza kwanza mwenendo wao. Huko ndiko kutazkia shahidi. Shaka ikiingia, adhabu ya hadi, ile iliyowekwa na dini yenyewe, huondoka. Mafakihi hawakusahau milango ya fahamu: Wamaliki humkubali kipofu aliyeitambua sauti, Wahanafi humkataa. Hata hivyo uzito mkubwa uko kwa mtu mwenyewe: ni mkweli, na wako wangapi?

Afrika Mashariki hesabu haina nguvu hiyo. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967 hakidai idadi yoyote ya mashahidi, na unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Nchini Kenya, kwa wizi wa mabavu, sheria imeandika kifo. Kwa kuwa shahidi mmoja anatosha, majaji walilazimika kutafuta kinga penginepo. Katika shauri la Roria la 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza wasiwasi wake juu ya hukumu inayosimama kwa utambuzi peke yake. Shauri la Waziri Amani la 1980 likaweka maswali yanayoulizwa Tanzania mpaka leo: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, usiku au mchana, kulikuwa na mwanga wa namna gani, na aliwahi kumwona kabla?

Maswali hayo si mapambo. Shahidi akisema "kulikuwa na taa", hajasema kitu: koroboi au balbu, iliwekwa wapi, ilimulika uso wa nani? Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshaeleza kuwa mwenye tochi ndiye anayeona vizuri. Anayemulikwa machoni hupata kiwi. Kisha huulizwa: ulimtaja nani kwa jirani wa kwanza aliyekuja mbio, kabla ya polisi na gwaride la utambulisho?

Oman imepita njia ya sheria zilizoandikwa, kama Misri na Ufaransa. Hakimu huhukumu kwa kuridhika kwake kwa uhuru kamili, mradi ushahidi uwe umejadiliwa mbele ya pande zote, na mshitakiwa hahesabiwi mkosaji hadi hatia yake ithibiti. Uhuru huo unamwepusha kufungwa na hesabu. Lakini dhamiri iliyoridhika haisomeki kwa mwingine mpaka iandikwe sababu.

Kwa maoni yangu, wingi na uadilifu vinazuia uongo, havizuii kosa la mtu mkweli. London, 1896, Adolf Beck alifungwa baada ya wanawake kadhaa kumtambua kuwa ndiye tapeli aliyewaibia. Mwaka 1904 akatambuliwa tena na kutiwa hatiani tena, mpaka tapeli halisi alipokamatwa. Mashahidi hao hawakuwa waongo, na kila aliyeongezeka aliongeza uhakika bila kuongeza ukweli. Huko Marekani, katika mamia ya watu walioachiwa huru kwa vipimo vya DNA, zaidi ya theluthi mbili ya kesi zilikuwa na utambuzi potofu.

Kwa hiyo maswali ya Waziri Amani yanastahili kuvuka bahari. Hakimu wa Oman hazuiwi kuyajibu katika hukumu yake, na fikihi yenyewe inampa msingi: yakini haiondolewi na shaka, na asili ya mtu ni kutokuwa na hatia. Anayetaka kuiondoa asili hiyo kwa jicho la mtu mmoja aonyeshe kwanza jicho hilo liliweza kuona nini.