Nyumba Isiyouliza Karatasi

Wiki hii tunaandika juu ya mwandishi wa watoto, na tunajua kuna watakaosema hayo ni mambo ya chekechea. Ngojeni kidogo.

Hapa kambini tumezoea kuombwa hadithi za aina moja. Mgeni akija na daftari au kamera anataka ya kweli tu: ulikimbia mwaka gani, mlikuwa wangapi, ulimwacha nani njiani. Na watoto wetu wakichora nyumba yenye miguu au samaki anayeruka angani, wakubwa wanasema hao wanamaliza rangi bure. Ndiyo maana tumemchagua Tove Jansson.

Alizaliwa Helsinki, Ufini, mwaka 1914. Baba yake alikuwa mchonga sanamu, mama yake mchoraji wa vitabu na wa stempu za posta. Nyumbani walizungumza Kiswidi, lugha ya wachache katika nchi ile. Akiwa na miaka 15 tayari michoro yake ilitoka katika gazeti la vichekesho lililoitwa Garm, na mwaka 1938 akamchora Hitler kama mtoto aliyedekezwa, analia anataka keki zaidi. Huyo dada hakuwa mwoga.

Tarehe 30 Novemba 1939 jeshi la Umoja wa Kisovieti likaivamia Ufini. Vita ile iliisha Machi 1940, ikafuata nyingine mwaka 1941, na mwisho wa yote sehemu kubwa ya Karelia ikachukuliwa. Watu zaidi ya 400,000 wakahama makwao. Wengi wao walihama mara mbili, maana walirudi katikati ya vita, wakajenga upya, halafu 1944 wakafukuzwa tena. Watoto kama 70,000 walipelekwa Uswidi bila wazazi, kila mmoja na kibandiko cha jina shingoni. Wako waliosahau Kifini huko, wakarudi hawawezi kuongea na mama zao. Hiyo sentensi tunaomba muisome mara mbili. Wengi wetu tunadhani nchi zile ni za kupokea wakimbizi tu. Kumbe na wao walifunga virago.

Tove mwenyewe hakukimbia. Alibaki Helsinki mabomu yakidondoka, mdogo wake wa kiume yuko mstari wa mbele, na rafiki yake Eva Konikoff, Myahudi, akaondoka kwenda Marekani mwaka 1941. Kazi yake ilikuwa uchoraji, lakini wakati wa vita picha zikamshinda. Basi akaanza kuandika kisa cha viumbe weupe, wanene, wenye pua kubwa karibu kama kiboko. Ndio Moomin. Kitabu chenyewe kilitoka 1945, chembamba, wala hakikununuliwa sana.

Sasa angalieni kisa kinasema nini. Mama na mtoto wake wanatembea msituni wakitafuta mahali pa kujenga kabla ya baridi kuingia. Baba amepotea. Njiani wanamchukua kiumbe mdogo asiye na mtu. Yanakuja mafuriko. Nani hapa kambini anahitaji kuelezwa hicho kisa? Hakuna Urusi ndani yake, hakuna bunduki, hakuna tarehe. Lakini vita yote imo. Kitabu cha pili, cha 1946, kinahusu nyota yenye mkia inayokuja kuigonga dunia, na barabara zimejaa wanaokimbia na mizigo yao. Mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yalikuwa yameanguka mwaka mmoja tu kabla.

Baadaye familia ile inapata nyumba bondeni, na hapo ndipo sisi tunapompenda zaidi. Kila anayefika anapewa kitanda. Thingumy na Bob wanakuja na sanduku wasilotaka kulifungua na lugha yao ya ajabu, wanapokelewa hivyo hivyo. Haulizwi mtu karatasi. Mama wa nyumba anaongeza sahani mezani, basi.

Ila kisa tunachotaka wafanyakazi wa mashirika wakisome ni kile cha mtoto asiyeonekana, kilichotoka 1962. Anaitwa Ninny. Hakupigwa. Mwanamke aliyemlea alimdharau kwa maneno ya baridi kila siku mpaka mtoto akafifia, akapotea machoni pa watu. Analetwa nyumbani kwa Moomin usiku wa mvua, kengele ndogo shingoni ili ajulikane alipo. Hakuna anayekaa naye chini kumhoji. Mama anasema labda anataka kubaki hivyo kwa muda, wamwache. Anampa dawa iliyoandikwa na bibi, anamshonea gauni. Miguu inaanza kuonekana, kidogo kidogo. Uso bado. Wanapomfundisha michezo anacheza kwa adabu tu, kuwaridhisha. Sisi wa foleni tunaijua sana adabu hiyo! Mpaka siku moja anadhani Baba anataka kumsukuma Mama baharini. Ninny anaruka, anamng'ata Baba mkia kwa hasira. Hapo hapo uso wake unatokea.

Yaani kilichorudisha uso ni hasira ya kumtetea mtu. Tumeisoma kwa watoto wa kona ya vitabu, tukiitafsiri papo kwa papo, wakapiga makofi pale kwenye mkia.

Mengine tutaje haraka. Mwaka 1954 michoro ya Moomin ikaanza kutoka kila siku katika gazeti la London. Mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Hans Christian Andersen. Majira ya joto alikaa na mwenzi wake, mchoraji Tuulikki Pietilä, kwenye kisiwa kidogo cha mawe kisicho na umeme. Alifariki Juni 2001.

Kitabu cha mwisho cha Moomin ni cha 1970, mwaka aliofiwa na mama yake. Wageni wanafika ile nyumba ya bondeni, lakini wenyewe hawapo, wameenda baharini. Wageni wanagombana, wanapika pamoja, wanangoja. Mmoja mmoja wanaondoka. Anabaki mtoto mmoja peke yake, anapanda mlimani, na mbali kule baharini anaona taa ya chombo.