Daftari la Bi. Feinler

Fundi wa tovuti atakaye kuijaribu kazi yake kabla ya kuidhihirisha kwa walimwengu hulifungua faili dogo liitwalo hosts, akaandika mstari mmoja, tuseme 127.0.0.1 duka.test, akalihifadhi; na tangu saa ile kompyuta yake, ikitajiwa jina hilo, haitoki nje kuuliza bali hujirejea yenyewe. Wachache mno miongoni mwa mafundi hao hujua kwamba faili hilo hapo kale lilikuwa daftari la mtandao mzima.

Mtandao wa ARPANET ulianza mwaka 1969 ukiwa na vituo 4 tu, na kadiri mashine zilivyoongezeka kila kituo kikajiwekea orodha yake, orodha zikahitilafiana, hata ikalazimu kuwapo orodha moja rasmi, HOSTS.TXT, iliyotunzwa katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California, chini ya Bi. Elizabeth Feinler. Aliyetaka mashine yake ijulikane alipeleka habari kwa makarani wake, tena katika saa za kazi za California. Jina likikubaliwa likatiwa daftarini, na vituo vyote vikalinakili daftari zima upya. Leo twastaajabu kwamba mtandao uliwahi kungoja ofisi ifunguliwe!

Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitandaza nidhamu mpya ya majina, DNS, inayoigawa kazi hiyo kwa seva nyingi. Lakini daftari halikutupwa: Unix ililiweka penye /etc/hosts, na Windows nayo ikalirithi, ndiyo maana hata leo limefichwa ndani ya folda yenye jina la kigeni kwake, drivers\etc. Na kwa desturi kompyuta hulitazama hilo kwanza kabla ya kuiuliza DNS.

Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima kwa kuwa Notepad ililibandika mkia wa .txt, likawa hosts.txt, yaani jina lake la ujanani, na Windows haikulitambua.

Jina lenyewe la kuandika nalo lataka uangalifu: wengi walizoea kuzipa tovuti zao za majaribio majina yaishiayo kwa .dev, wasijali kwamba tamko hilo lina mwenyewe, naye ni Google. Desemba 2017 kivinjari cha Chrome kikashurutisha https kwa kila jina la namna hiyo, na kazi zao zikakatika mezani. Basi, msomaji, litumie .test, lililotengwa kwa majaribio tangu mwaka 1999, na ukimaliza kazi ufute mstari wako.