Riadha na Ridhaa: Historia ya Wakimbiaji wa Kibera na Kawangware

Riadha na ridhaa ni maneno mawili yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nayo yanakaribiana sana kwa sauti ingawa maana zake ziko mbali: riadha ni michezo ya kukimbia, kuruka na kutupa, ilhali ridhaa ni hiari ya moyo, na mwanamichezo wa ridhaa ni yule anayeshiriki kwa kupenda, bila kulipwa. Historia ya mbio nchini Kenya imeandikwa zaidi upande wa riadha, yaani medali, rekodi na mabingwa wa Bonde la Ufa, na upande wa ridhaa umeachwa karibu mtupu. Insha hii inafuata upande huo wa pili katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi, hasa Kibera, kikiwemo kijiji cha Soweto West, pamoja na Kawangware, ambako safari ndefu ya miguu ilikuwa sehemu ya kazi miaka mingi kabla haijawa zoezi.

Kibera ilianza kama makao ya wanajeshi. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi wa kikosi cha King's African Rifles, waliotoka Sudan na kutumikia serikali ya Uingereza, waliruhusiwa kukaa na familia zao katika eneo la miti na vichaka ambalo waliliita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na mwaka wa 1918 ardhi hiyo, ekari zipatazo 4,000, ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Jina la kijiji cha Laini Saba lingali linahifadhi kumbukumbu ya viwanja vya shabaha walivyotumia askari hao. Kadiri jiji lilivyokua, wapangaji kutoka kila pembe ya Kenya walijenga hapo vijiji vingine, na viwili kati ya hivyo vikachukua jina la Soweto, ambalo ni la mitaa maarufu ya Waafrika pembezoni mwa Johannesburg. Kawangware ina asili tofauti, kwani ilikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti na iliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka wa 1963, mwaka wa uhuru.

Maeneo haya mawili yaliunganishwa na jiji kwa nyayo za watu. Kwa miongo mingi vibarua wa Kibera wameondoka alfajiri, wakafuata reli inayokikata kitongoji hicho, wakaenda hadi viwanda vya Industrial Area, na jioni wakarudi kwa njia ileile. Wenzao wa Kawangware wamepanda na kushuka kuelekea Lavington na Kilimani, wanakofanya kazi za nyumbani, za ulinzi na za ujenzi. Si haki kuupamba mwendo huo kwa sifa za michezo, kwa maana waliotembea walitembea kwa sababu nauli ingekula mshahara wa siku. Hata hivyo, mtu hawezi kuielewa historia ya mbio za hapa akisahau kwamba miguu ilikuwa imezoea kilomita nyingi kwa siku, katika mwinuko unaokaribia mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kabla ya yeyote kuziita kilomita hizo mazoezi.

Riadha rasmi ilikua mbali na vijiji hivyo. Chama cha riadha cha Kenya kilianzishwa mwaka wa 1951, wakati wa ukoloni, na mwaka wa 1956 Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne. Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, kutoka Tokyo mwaka wa 1964, na miaka minne baadaye, mjini Mexico, Naftali Temu alishinda mita 10,000 naye Kipchoge Keino akashinda mita 1,500. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba, kwa mujibu wa sheria za wakati huo, mabingwa hawa wote walikuwa wanamichezo wa ridhaa. Shirikisho la dunia, lililoundwa mwaka wa 1912, lilibeba neno hilo katika jina lake na kumkataza mkimbiaji kupokea malipo, hivyo Keino aliishi kwa mshahara wa polisi, na Temu kwa mshahara wa jeshi. Keino alipojiunga na mashindano ya kulipwa mwaka wa 1973, mlango wa Olimpiki ulifungwa nyuma yake. Masharti hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980, fedha zikaingia wazi katika mbio za barabarani, na mwaka wa 2001 shirikisho likaliondoa neno la ridhaa katika jina lake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo neno lilipopata mwenyewe halisi, yaani fundi, mama muuza mboga au mwanafunzi anayekimbia baada ya kazi au kabla yake, bila kutarajia kumshinda yeyote isipokuwa saa yake ya mwezi uliopita.

Mtu huyo alipata jukwaa mwaka wa 2003, yalipoanzishwa mashindano ya marathoni ya Nairobi yanayodhaminiwa na benki ya Standard Chartered. Marathoni ni mbio za kilomita 42.195, urefu uliotumika kwanza katika Olimpiki ya London ya 1908 na kukubaliwa kuwa kipimo cha kudumu mwaka wa 1921. Lakini sehemu iliyowavuta wakazi wa mitaani ilikuwa zile mbio fupi zinazoandamana nayo, zile za kilomita 10 pamoja na nusu marathoni ya kilomita 21, kwa kuwa huko mkimbiaji wa kawaida hupewa namba ya kifuani, hupimiwa muda wake na hushangiliwa barabarani sawa na bingwa. Kwa miaka mingi mbio hizo zilianzia uwanja wa Nyayo. Mwaka wa 2021 zilihamishiwa bustani ya Uhuru Gardens, pale ilipopandishwa bendera ya Kenya usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, na njia yake ikapitishwa Southern Bypass, barabara inayopita kati ya Kibera na msitu wa Ngong Road. Marathoni, kwa maneno mengine, ikawa imefika karibu na mlango wa Soweto West.

Eneo lote la Kibera linakadiriwa kuwa na kilomita 2.5 za mraba tu, likiwa na vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, na mitaro ya maji machafu inayovukwa kwa ubao au jiwe. Anayetaka kukimbia kilomita 15 hana budi kutoka nje ya kitongoji, na kabla ya simu zenye kupima masafa, umbali ulihesabiwa kwa vituo vya matatu: kutoka Olympic hadi Adams Arcade, kisha Dagoretti Corner, kisha kwa Naivasha Road hadi kituo cha 46 cha Kawangware, na kurudi. Muda mwafaka ni alfajiri, kabla ya magari na moshi, lakini alfajiri ina giza na giza lina hatari zake, na hatari hizo humwelemea mwanamke zaidi. Hii ndiyo sababu kubwa ya wakimbiaji kujikusanya katika vikundi, na inafaa kutajwa mbele ya sababu nyingine zote za kupendeza zaidi, kama vile urafiki na afya.

Ndani ya vikundi hivyo elimu ya masafa marefu hupitishwa kwa mdomo. Anayeanza huambiwa akimbie kwa kasi inayomruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema, na asiongeze umbali wa wiki kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Anayeumwa muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu, huambiwa apumzike na aache lami kwa muda, akimbie kwenye udongo wa msituni. Aliyeishiwa nguvu ghafla kwenye kilomita ya 30 huelezwa kwamba akiba ya wanga mwilini imekwisha, na kwamba chai ya maziwa yenye sukari pamoja na viazi vitamu vya kuchemsha, vikiliwa mapema, vingemfikisha mbali zaidi. Kushindwa husimuliwa bila kufichwa, kwa sababu aliyeacha mbio njiani mwaka jana ndiye ajuaye vizuri mahali mwenzake atakapokwama.

Viatu vina somo lake. Vingi hununuliwa Toi, soko la mitumba, yaani bidhaa zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, lililo ukingoni mwa Kibera. Mnunuzi mzoefu hufika marobota yanapofunguliwa, ili apate kamera, jina ambalo wafanyabiashara hulitumia kwa bidhaa za daraja la kwanza. Hukikunja kiatu aone kinapopinda, kwa kuwa kiatu kizuri hupindia penye vidole, si katikati. Hubonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba, na ikichelewa kurudi hujua imekufa. Kisha hukigeuza atazame soli imelika upande gani, maana aliyekivaa mwanzo amekiachia umbo la mwendo wake, na mguu mgeni utalazimishwa kuufuata. Mashauri ya namna hii hayapatikani kwa urahisi katika vitabu vya makocha, vilivyoandikwa kwa watu wanaonunua viatu vipya.

Desturi ya kukimbia kwa pamoja ina jamaa zake kwingine katika Afrika Mashariki. Shuleni Tanzania, mchakamchaka, yaani kukimbia kwa safu huku watu wakiimba na kupokezana kiitikio, umewalea wanafunzi wa vizazi kadhaa, na vikundi vya mbio vya mitaa ya Dar es Salaam vimeurithi uimbaji huo. Wakimbiaji wa Nairobi hawaimbi sana, wao huzungumza. Siku ya mashindano mazungumzo hayo huendelea hadi baada ya mstari wa mwisho, penye maji na ndizi, ambapo muda wa kila mmoja hulinganishwa na wa mwaka uliotangulia, na malengelenge hukaguliwa kando ya barabara. Kisha wakazi wa Soweto West, medali zikiwa shingoni au mfukoni, hurudi nyumbani kwa miguu.