Usawa kwa Amri: Makazi ya Vijiji na Swali la Hiari katika Iramba, 1967–1977

Kazi nyingi za kubuni huiweka serikali inayolazimisha usawa katika zama zijazo. Tanzania iliwahi kulikabili suala hilo katika historia yake, na waliolipa gharama ni wakulima.

Misigiri, ambako njia ya Kiomboi huchepuka kutoka barabara kuu ya Singida–Nzega, inafaa kuwa pa kuanzia. Kwa desturi, kaya za Wanyiramba ziliishi kwa kutawanyika, kila moja na tembe yake, zizi lake na shamba la uwele au mtama. Mtawanyiko huo ulikuwa na mantiki: mifugo ilipata malisho, na samadi ilirutubisha shamba lililo karibu. Kwa mtazamo wa mpangaji, hata hivyo, ulionekana kuwa kizuizi cha shule, zahanati na maji.

Azimio la Arusha na andiko la Ujamaa Vijijini, yote ya mwaka 1967, yalijenga hoja ya usawa. Andiko hilo lilisisitiza pia hiari. Mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, Nyerere alishikilia kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza. Novemba 1973 kauli ilibadilika: kuishi kijijini kukawa amri, na mwisho wa 1976 ukawa ukomo wa utekelezaji. Sheria ya vijiji ya 1975 iliweka kaya 250 kuwa kiwango cha chini cha kawaida cha kuandikishwa. Kufikia 1977, Nyerere alitaja watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji 7,684.

Takwimu hizo zinathibitisha uhamisho, hazithibitishi usawa. Viwanja vililingana, lakini aliyeamua nani ahame, lini na wapi hakulingana na aliyehamishwa. Ni kweli kwamba makazi ya pamoja yalirahisisha upanuzi wa elimu ya msingi. Lakini mashamba yaligeuka mahame, na madai juu yake hayakufa: sheria ya 1992 iliyokusudia kufuta haki za kimila katika maeneo hayo ilipingwa, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa haki hizo ni mali inayolindwa na Katiba.

Kwa hiyo, kasoro ya msingi haikuwa lengo la usawa. Ilikuwa kuugawa usawa kama mali ya serikali, ilhali sehemu yake ya kwanza, yaani haki ya kushiriki katika uamuzi, ilibaki mikononi mwa wagawaji.