Mpira Unamtoa Dogo Kwenye Bangi na Pombe? Stori Ndefu Kutoka Kiwanja cha Kashaulili

Siku ya fainali pale Kashaulili kuna sentensi moja ambayo mgeni rasmi yeyote lazima aitoe kabla ya kukabidhi mbuzi. "Michezo inawaweka vijana wetu mbali na dawa za kulevya." Awe diwani, awe mgombea, awe mwenye duka aliyetoa jezi, sentensi ni ile ile. Makofi yanapigwa, picha zinapigwa, watu wanatawanyika. Giza likiingia, nusu ya wachezaji walioshinda unawakuta grosari, mbuzi yuko kwenye moto, na dogo wa kidato cha tatu aliyefunga bao la pili anapewa chupa yake ya kwanza na mtu mzima anayempenda kweli kweli.

Sasa wadau, swali linaanzia hapo. Ile sentensi ni ya kweli, au ni ya kusemea kwenye maiki tu?

Kwanza ijulikane kwamba sentensi hiyo ni kongwe kuliko mji wa Mpanda wenyewe. Wamisionari wa Kiingereza walipofungua shule yao Kiungani, Zanzibar, karne ya 19, walikuja na Biblia mkono mmoja na mpira mkono mwingine. Huko kwao Uingereza walikuwa wamejiaminisha kwamba kijana akichoka jioni hawezi kuwaza upuuzi usiku. Serikali ya kikoloni nayo ikaichukua imani hiyo. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, iliendeshwa kwa kengele, viranja na michezo, kama zile shule za mabwana wa kule. Mpira haukuletwa ili watu wafurahi. Uliletwa kama mlinzi.

Lakini mlinzi huyo alikuwa na ndugu yake, na hapa ndipo stori inanoga. Ukitazama miji ya kazi ya wakati ule, ukoloni uliwapa Waafrika burudani mbili zilizoruhusiwa: kiwanja na kilabu cha pombe. Nairobi mfano wake uko wazi kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya jiji ilijitwalia peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe kule Pumwani, na faida ikaingia kwenye mfuko wa huduma za Waafrika hao hao. Yaani unakunywa, halafu hela yako inarudi kukuhudumia. Mpira na pombe walikuwa na mzazi mmoja, na ukitafakari vizuri hawajawahi kuachana. Miaka kadhaa ya muongo uliopita jezi za Simba na Yanga zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro kifuani, na Taifa Stars nayo ikadhaminiwa na bia. Mtoto wa darasa la nne aliyevaa jezi feki ya timu yake alikuwa anatembea na tangazo la pombe kutoka sokoni mpaka nyumbani, na hakuna mgeni rasmi aliyeona shida.

Mpanda yenyewe ilizaliwa kama mji wa kazi. Reli iliyochepuka Kaliua, kama kilomita 210, ililetwa mpaka hapa kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, watu wakabaki, reli ikabaki. Baadaye ikaja tumbaku, na hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka haraka. Katika familia nyingi za huku, hela ya daftari, ya sare na ya viatu vya michezo imetoka kwenye mabani ya tumbaku. Mwalimu anasimama mbele ya darasa kufundisha madhara ya sigara, na wanafunzi wanaomsikiliza wamesomeshwa na jani hilo hilo. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Ila usishangae kijana wa Mpanda akisikia hotuba za mgeni rasmi kwa sikio moja.

Turudi shuleni. Baada ya Uhuru serikali ilichukua michezo kwa uzito wake. Mwaka 1967 sheria ikaunda Baraza la Michezo la Taifa, na mashindano ya shule za sekondari, haya tunayoyajua kama UMISSETA, yakawa njia ya kijana wa mkoani kupanda gari na kuiona nchi. Wazee wa huku wakianza "enzi zetu" hawaachi kutaja hilo. Enzi zao, wanasema, hapakuwa na mwanafunzi mvuta bangi. Hapo wanatupiga kamba kidogo, maana kila shule ya bweni ilikuwa na nyuma ya choo chake. Ila wanasema kweli kwenye jambo moja: walikuwa na mtu. Mwalimu wa michezo alijua nani kaamka na macho mekundu, nani jana hakuonekana mazoezini, nani kapewa barua ya kusimamishwa. Saa tisa kengele, saa kumi kiwanjani, saa kumi na mbili kuoga, halafu chakula, halafu prepu. Kijana hakuwa na saa hata moja isiyo na mwenyewe.

Kisha ukaja mwanzo wa miaka ya 2000. Waziri wa elimu wa wakati huo aliona michezo inaharibu masomo, ikasimamishwa mashuleni. UMISSETA hakuna, UMITASHUMTA hakuna. Ilichukua miaka, mpaka serikali ya awamu ya nne, ndipo mashindano yakarudi. Watu wengi wanakumbuka kipindi hicho kwa upande wa vipaji tu: Taifa Stars ikifungwa, lawama zinaenda kwa yule waziri. Lakini kuna hasara nyingine.

Jiulize kilichoondoka hasa ni nini. Mpira haukuondoka. Madogo waliendelea kupiga chandimu mitaani, wakaendelea kucheza ndondo, wengine wakacheza zaidi kuliko mwanzo. Kilichoondoka ni mwalimu. Mpira ulihama kutoka mikononi mwa mtu aliyeajiriwa kumlea mtoto, ukaenda kwa mwenye timu ya mtaa, ambaye anataka kombe. Mwenye timu ya mtaa hana muda wa kuangalia ripoti ya shule. Yeye anachotaka winga awepo Jumapili. Na kwenye baadhi ya timu hizo ndipo dogo anapoambizwa kwamba pafu mbili kabla ya mechi zinaondoa woga na kuongeza pumzi. Uongo mtupu, moshi haujawahi kumwongezea mtu pumzi, na bangi imo kwenye orodha ya vitu vinavyokatazwa siku ya mashindano duniani kote. Lakini anayemwambia ni nahodha wake, na dogo ana miaka 16.

Wakati huo huo shule zenyewe zilikuwa zinabadilika. Mpango wa kupanua sekondari ulioanza 2004 ukaleta shule za kata, na ilipofika 2009 nchi ilikuwa na sekondari zaidi ya 4,000. Lilikuwa jambo kubwa na la heri, watoto wa wakulima walipata kidato cha kwanza ambacho wazazi wao hawakukiota. Ila shule nyingi zilikuwa za kutwa, zimejengwa haraka, kiwanja kikiwa pori lenye visiki. Mtoto anayetoka kijiji cha mbali anapangiwa chumba mjini. Geto. Chumba kimoja, godoro, ndoo, jiko la mkaa, wenzake wawili, hakuna mzazi. Kengele ya mwisho ikilia saa tisa, kati yake na usingizi kuna saa saba au nane ambazo ni zake yeye na geto lake. Na miaka ile kulikuwa na viroba, pombe kali kwenye kifuko kidogo kinachoingia mfukoni mwa shati la shule na kupotea. Serikali ilikuja kuvipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Hiyo tarehe pengine iliokoa wanafunzi wengi kuliko mabonanza yote yaliyowahi kuchezwa Azimio.

Wataalamu nao hawajakaa kimya. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 17 zilizowafuatilia vijana kwa miaka, nyingi zikiwa za Amerika Kaskazini, wakaziweka pamoja. Matokeo yake yangemfanya mgeni rasmi ashushe maiki. Kwa dawa za kulevya kwa ujumla wake, sentensi ilisimama: nne kati ya kila tafiti tano zilizogusa suala hilo zilionesha wanamichezo wanatumia kidogo kuliko wenzao. Kwa bangi peke yake ikawa nusu kwa nusu. Kwa pombe ikapinduka kabisa: tafiti 14 kati ya 17 zilikuta vijana wanaocheza wanakunywa ZAIDI. Zaidi, siyo pungufu. Ukimkumbuka yule dogo wa bao la pili na chupa yake, wala hushangai. Timu ni familia, na familia hiyo inasherehekea kwa kunywa.

Basi watu wa Iceland huwa wanatajwa kama ushahidi wa upande wa pili, na mfano wao ni mtamu. Mwaka 1998, kati ya wanafunzi wao wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Kufikia 2016 imeshuka mpaka asilimia 5. Waliowahi kuvuta bangi wakashuka kutoka 17 hadi 7, wavuta sigara wa kila siku kutoka 23 hadi 3. Wenye haraka wanasema "si mnaona, ni michezo!" Soma vizuri. Wale jamaa hawakugawa mipira wakaondoka. Serikali iliweka hela kwenye vilabu vya michezo na muziki, kukawa na makocha waliosomea kazi yao, familia zikasaidiwa kulipia. Wazazi wakaandikishana mikataba ya kuwafuatilia watoto wao. Sheria ikasema mtoto wa miaka 13 hadi 16 asionekane nje baada ya saa nne usiku wakati wa baridi, na saa sita kiangazi. Pombe mpaka ufike miaka 20. Mpira ulikuwa kipande kimoja tu. Mtoto anayecheza bila mtu mzima wa kumwangalia ni mtoto aliyeko nje na wenzake, hata kama ana jezi.

Sasa kuna kundi ambalo mjadala huu wote huwa unalisahau, nao ni mabinti. Kashaulili ukisema "michezo na vijana" watu wanaona wavulana. Netiboli ipo, lakini jioni ya binti ina maji, kuni, wadogo zake na sufuria. Na kwake hatari ya zile saa za jioni mara nyingi haiji kama msokoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta Katavi inaongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Mwenye bodaboda anayempa lifti binti wa geto hapimwi na kombe la mbuzi. Kama mazoezi ya netiboli yana mwalimu wa kike na yanaisha kabla ya giza, hapo kuna kitu. Ila fainali ya netiboli mgeni rasmi huwa anaondoka mapema.

Halafu kuna yule ambaye kila mtaa unaye. Winga. Aliyeenda UMISSETA na timu ya mkoa, akarudi na tracksuit aliyoivaa mpaka ikapauka. Alikuwa havuti, hanywi, analala saa tatu, kwa sababu kocha alimwambia kuna watu wa Dar watakuja kumtazama. Mtu kama huyo ni ushahidi kwamba sentensi ya mgeni rasmi inafanya kazi. Inafanya kazi kwa muda. Novemba anamaliza mtihani wa kidato cha nne, na siku hiyo hiyo anapoteza vitu vyote kwa mpigo: kengele, kocha, timu, mechi ya Jumamosi, jina. Watu wa Dar hawakuja. Matokeo yanakuja na alama zake si nzuri, maana nguvu aliziweka kiwanjani. Miezi sita baadaye yuko kijiweni, anasimulia lile bao, na msokoto unazunguka.

Mtaani watasema bangi imemharibu. Ukipiga hesabu ya tarehe, bangi ilikuja mwisho. Kwanza timu ilimwachia, na hakuna aliyemtafuta mpaka alipoanza kunuka moshi.

Ukitaka kujua shule ya jirani yako ikoje kwenye hili, acha kabati la makombe. Nenda saa kumi jioni siku ya kawaida, siyo ya bonanza, uliza nani anashika ufunguo wa stoo ya mipira. Sehemu nyingine utaelekezwa kwa mwalimu mmoja wa hesabu mwenye vipindi vingi kupita kiasi, hana posho, na bado saa hizo yuko kiwanjani na filimbi yake, anaita majina. Sehemu nyingine utaambiwa aliyekuwa nao alihamishwa mwaka jana, na mipira imo ndani.